Askofu Alitoka Wapi

Kilbrannoch, Galloway, mwaka 1662

28 Agosti
Mvua, siku ya kumi na moja mfululizo. Shayiri imelala shambani na sidhani itaamka. Mume wangu, Mchungaji Gilbert Maclurg, anasema inampasa kila mke wa mchungaji kuandika siku zake ili aipime nafsi yake. Sijui kama nitaipima. Mkono wangu tu ndio uliozoea kalamu: huu ni mwaka wa tisa namnakilia mahubiri, kwa kuwa mwandiko wake humshinda hata yeye mwenyewe akishapanda mimbarini.

Binti yetu Euphan anakohoa. Ana miaka mitano. Ni unyevu tu wa nyumba.

2 Septemba
Mvua. Nimeoka mikate ya oti.

9 Septemba
Kaka yangu Hew amekuja kwa farasi kutoka Dunharrow, maili kumi na nne ng'ambo ya vilima. Naye ni mchungaji. Yeye na Gilbert walisoma pamoja Glasgow, wakalala chumba kimoja, na wakiwa vijana waliandika kijitabu cha kurasa arobaini kuthibitisha kwamba katika kanisa la mitume askofu na mzee wa kanisa walikuwa mtu yule yule mwenye majina mawili, na kwamba kumpandisha mmoja juu ya wenzake ni uzushi uliokuja baadaye. Likizo ile Hew alileta nyumbani kijitabu pamoja na mwenziwe wa kukiandika, nami nikapewa kukinakili. Ndivyo nilivyopata mume.

Leo hakuja kwa mazuri. Mfalme amekwisha kuwarudisha maaskofu, hilo tunalijua tangu mwaka jana. Sasa kuna fununu kwamba kila mchungaji aliyeitwa na watu wake katika miaka hii kumi na mitatu atatakiwa aende kwa askofu kuomba kibali, ama afungashe.

"Hawatanii, shemeji," Hew alisema, akichovya mkate kwenye mchuzi. "Unakwenda, unapiga goti, unapewa karatasi, unarudi kwa watu wako."

"Na hiyo karatasi inasemaje?" Gilbert akauliza.

"Inasema wewe ni mchungaji wa Kilbrannoch."

"Kumbe miaka tisa hii nimekuwa nani? Mganga wa farasi?"

Hew alicheka. Gilbert hakucheka. Alisema, "Mtume aliwaita wazee wa Efeso waje kumuaga, na walipofika akawaita maaskofu. Mji mmoja, maaskofu kadhaa. Tuliliandika hilo mimi na wewe."

"Tulikuwa na miaka ishirini na miwili na matumbo matupu."

"Na sasa lako limejaa?"

"Nyumbani kwangu kuna matumbo tisa," kaka yangu alisema. "Langu ndilo dogo."

Aliondoka kabla mvua haijazidi. Nilimsindikiza mpaka lango la ng'ombe, naye akaniuliza kama Gilbert hulala vizuri. Nikamwambia analala. Si kweli.

17 Septemba
Leo jua lilitoka kwa muda wa saa mbili hivi. Kijiji kizima kilikuwa shambani, hata mimi, hata mchungaji na joho lake.

30 Septemba
Mvua. Nusu ya shayiri imeota ikiwa bado kwenye miganda.

7 Oktoba
Amri imefika, imesomwa sokoni. Mwisho ni tarehe mosi Novemba. Asiye na kibali cha askofu kufikia siku hiyo, kanisa lake litahesabiwa halina mchungaji, nyumba aiache, na atoke na jamaa yake yote nje ya wilaya ya kanisa.

Jioni alikuja Ninian Heron, mfumaji, mkubwa wa wazee wetu wa kanisa. Ni mtu mrefu aliyepinda mgongo kwa kazi ya kitanda cha kufumia. Hajui kusoma hata jina lake, lakini mahubiri akiyasikia mara moja anayo. Alisimama mlangoni akidondosha maji.

"Mchungaji, nimeambiwa askofu hapimwi urefu, hupimwa upana. Kweli?"

"Sijapata kumpima, Ninian."

"Akija Kilbrannoch nitamfumia kanzu. Uzi wa kitani, bitana ya miiba." Kisha akaacha mzaha. "Wewe usiende kwake. Sisi hatutakuwa na mtu mwingine. Jumapili ya mwisho utueleze tena ile habari, askofu alitoka wapi. Vizuri, polepole, kila mtu aishike. Wakituuliza tuwe na la kujibu."

Gilbert alimwitikia. Nilimtazama usoni, nikaona ameitikia kama mtu anayeitika akiwa chumba kingine.

13 Oktoba
Euphan ana homa. Nimemfunga kifua kwa mafuta ya kondoo.

18 Oktoba
Barua ya Hew, mistari minne. Amekwenda kwa askofu. Amepiga goti. Anaomba tusimchukie, na anasema mlango wake uko wazi.

Gilbert aliisoma amesimama, akaiweka motoni, akatoka kwenda kutazama ng'ombe ambaye tulikwisha kumuuza.

21 Oktoba
Niandike hili polepole.

Asubuhi alinipa karatasi za mahubiri yake ya mwisho niyanakili. Nilitazamia kurasa nyingi za Efeso na Krete na maaskofu wa kwanza, habari ninayoijua kama njia ya kisimani. Haikuwemo. Mahubiri yalikuwa juu ya kiapo cha Agano tu: kwamba tuliapa mbele za Mungu, taifa zima, kutokuwa na maaskofu, na kiapo hakirudishwi. Nilihesabu kurasa. Ya tano ilifuatwa na ya tisa. Nikaingia chumbani mwake kuuliza.

"Kurasa tatu zimepotea," nikasema.

"Hazikupotea. Nimezitoa."

"Ndizo Ninian anazozitaka."

Aliinuka akafunga mlango. Kisha akatoa chini ya nguo zake kitabu nisichopata kukiona, chembamba, cha Kilatini na Kigiriki. Alikipata miaka miwili iliyopita katika vitu vya marehemu mchungaji wa Barskeoch. Ni barua za mzee mmoja wa Antiokia, aliyejiita askofu, aliyepelekwa Roma kutupwa kwa wanyama, na njiani akayaandikia makanisa. Barua hizo nazijua kwa kusikia: ndani yake anawasihi watu wasifanye neno lolote bila askofu wao. Gilbert na Hew waliandika kurasa sita nzima kuzihusu, kwamba ni za kughushi, kwamba watawa walizitunga miaka mia kadhaa baadaye ili kuwafurahisha maaskofu wao.

"Zile tulizozisoma zilikuwa zimeongezwa maneno ya watu wengine, na tulisema kweli," Gilbert alisema. "Lakini hizi zimetoka katika maandiko ya zamani zaidi. Ni fupi. Hazina yale tuliyoyacheka. Nimezisoma mara ishirini, Marion. Huyu ni mtu anayekwenda kufa. Mtu anayekwenda kufa hawafurahishi maaskofu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo alikuwapo askofu mmoja juu ya wazee, Antiokia, wakati ambapo vikongwe waliowaona mitume kwa macho walikuwa bado hai. Labda. Sijui. Nilikuwa najua, na sasa sijui."

Nilikaa juu ya sanduku la vitabu. Nilimuuliza swali ambalo mke yeyote angeliuliza: kama hajui, kwa nini tunamtoa mtoto mgonjwa nje wakati wa baridi?

"Kwa sababu niliapa."

"Hew naye aliapa."

"Basi hilo ni la Hew."

Nimeyanakili yote kama yalivyo, bila zile kurasa tatu. Nilikuwa na hasira tangu asubuhi mpaka nilipokuwa nakamua mbuzi, ndipo nikatambua nyuma ya hasira kuna kitu kingine. Miaka yote nilidhani nimeolewa na mtu asiyeyumba. Huyu anayeyumba simjui bado, lakini sikuona kwamba nimempenda pungufu.

26 Oktoba, Jumapili
Watu walikuja hata kutoka bonde la tatu. Waliokosa nafasi walisimama makaburini, mvua ikiwanyea, na milango tukaiacha wazi ili wasikie. Nilikaa mahali pangu na Euphan mapajani, mwili wake moto kama jiwe la kuokea mkate.

Gilbert alisoma niliyoyanakili. Aliposema habari ya kiapo, watu walilia, wengine waliinua mikono yao iliyoapa. Alifika mwisho. Alipaswa kutoa baraka na kushuka.

Ninian alisimama kwenye benchi la wazee. Si desturi, lakini siku yenyewe haikuwa ya desturi. Alisema kwa upole kabisa, "Mchungaji, umesahau. Askofu alitoka wapi?"

Watu wote walimtazama Gilbert. Nami nilimtazama. Nilikuwa naomba moyoni atoe baraka ashuke.

Akazungumza robo tatu ya saa bila karatasi. Yote ya kijitabu cha ujana: Efeso, Krete, majina mawili mtu mmoja, barua za kughushi, watawa, Roma. Alisema askofu hakupandwa na Mungu, ni gugu lililoota usiku watu wamelala. Alisema kwa uhodari kuliko nilivyopata kumsikia. Watu waliacha kulia, migongo ikanyooka. Mwisho akasema, yeyote aliyeliapia Agano kisha akaenda kupiga goti kwa ajili ya nyumba na shamba si mchungaji, ni mtu wa mshahara, amwonapo mbwamwitu hukimbia. Hakumtaja jina. Kila mtu Kilbrannoch anajua kaka yangu ni nani.

Nyumbani nilimvua viatu kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Akasema mwenyewe:

"Wataletewa mtu wasiyemtaka, na askari nyuma yake. Ningewaachia nini? Labda? Mtu hawezi kusimama juu ya labda."

"Wewe unasimama juu yake," nikamwambia.

Alivisogeza viatu karibu na moto.

31 Oktoba
Tumehama. Mikokoteni miwili. Wengi walikuja kubeba. Hakuna aliyetukaribisha kwake, wala sheria isingewaruhusu, nasi hatukuwauliza. Tuko ng'ambo ya mpaka, katika nyumba ya wachunga kondoo iliyo tupu tangu majira ya malisho yaishe, chumba kimoja, paa la nyasi. Dunharrow ni maili tatu kutoka hapa. Gilbert ametazama upande ule mara moja tu.

6 Novemba
Mvua ya mawe.

11 Novemba
Udongo wa kinamasi tunaowasha badala ya kuni haukukauka kiangazi hiki. Unatoa moshi, moto hautoi. Euphan anakohoa mpaka anatapika. Gilbert amembeba kutwa nzima, akitembea pembe hadi pembe, akimwimbia zaburi kwa sauti ya chini. Ni baba mwema. Naandika hili ili nisilisahau nikiwa na hasira.

19 Novemba
Leo asubuhi nilimvika Euphan nguo zote alizo nazo, nikamfunga mgongoni.

"Nampeleka kwa Hew," nikasema.

"Siwezi kuingia nyumba ile."

"Sikukuomba uingie."

Alitusindikiza mpaka kijitoni, akamvusha mtoto mabegani, maji yakimfika magotini, akarudi upande wake. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama.

Wifi yangu Grizel hakuuliza neno. Alimchukua mtoto, akampa maziwa ya moto yenye asali, akamlaza katikati ya watoto wake wawili kama mkate kati ya mikate. Hew alikuja kutoka shambani, akaniona, akavua kofia.

"Dada, yeye yuko wapi?"

"Kule."

Akatazama dirishani kwa muda. "Basi mwachie mlango bila komeo," akamwambia Grizel.

Habari ya mtu wa mshahara imemfikia, najua. Mtumishi wake ana shangazi Kilbrannoch. Hajanitajia.

27 Novemba
Euphan amelala bila kukohoa.

30 Novemba
Jumapili. Nimemsikiliza Hew akihubiri. Ni mahubiri yale yale aliyokuwa akihubiri tangu zamani. Nilikaa nikitafuta ni wapi askofu ameingia ndani yake, sikupaona. Lakini benchi la wazee lilikuwa na watu wawili, zamani walikuwa saba. Hew alipoinua mkono kutoa baraka nilimwona anatazama lile benchi.

Kila siku ya pili nampelekea Gilbert chakula. Grizel hujaza chungu, nami sisemi ametoa nani. Gilbert hula bila kuuliza.

9 Desemba
Mtumishi wa Hew ametoka Kilbrannoch. Jumapili ililetwa kasisi mpya, kijana kutoka kaskazini, na barua ya askofu. Ninian na wenzake wawili walikuwa wamesimama kwenye mlango wa kanisa. Ninian alimwambia yule kijana kwa adabu kwamba haingii, na alipoulizwa kwa nini, alimpa yote: Efeso, Krete, watawa, gugu la usiku, neno kwa neno, mbele ya watu mia mbili. Wanasema ilikuwa kama kumsikia mume wangu. Kijana akarudi alikotoka. Jana walikuja askari kumi na wawili. Wamevunja kitanda chake cha kufumia kwa shoka, na wamewapeleka wote watatu jela ya mjini.

10 Desemba
Nimemwambia Gilbert. Aliweka kijiko chini. Aliuliza, "Neno kwa neno?" Nikasema ndivyo nilivyoambiwa. Akaniomba nirudi kwa mtoto.

16 Desemba
Theluji. Sikuweza kwenda.

18 Desemba
Nimefika. Chakula nilichomletea mara ya mwisho kipo pale pale, sehemu kubwa yake. Amekonda. Hasomi, kitabu cha mzee wa Antiokia kiko juu ya jiwe la moto, kimefungwa kwa kamba.

25 Desemba
Kwa amri ya askofu Hew amehubiri leo habari ya kuzaliwa Bwana, jambo ambalo kanisa letu halijafanya tangu sisi tukiwa watoto. Tulikuwa watu tisa, na wanane ni wa nyumba yetu, bila wale wadogo. Baada ya ibada alikaa jikoni akimenya vitunguu ambavyo Grizel hakumwomba amenye.

29 Desemba
Gilbert amekuja. Alipita mlango wa jikoni, theluji mpaka mapajani, akasimama pale mlangoni. Watoto walinyamaza. Euphan alimkimbilia, naye akamshika kichwa bila kuinama.

"Hew," alisema, "nilikuita mtu wa mshahara mbele ya watu wangu."

"Nilisikia."

"Nimekuja kuliondoa neno hilo."

"Kaa kwanza, umelowa."

"Niache niseme nimesimama." Akasema yote. Kitabu, miaka miwili ya shaka, kurasa tatu alizozitoa na robo tatu ya saa alipozirudisha. Akamtaja Ninian.

Hew alisikiliza huku akimenya vitunguu na kuangusha maganda motoni. Gilbert alipomaliza, kaka yangu akasema, "Jana imekuja barua. Wameongeza muda hadi Februari. Nenda kwa askofu, shemeji. Kama hujui kwamba yeye si halali, unakataa nini?"

"Niliapa."

"Na mimi niliapa. Mkono wangu ulikuwa juu pamoja na wako, siku moja, saa moja."

"Najua."

"Basi mimi ni nani, Gilbert? Ukiliondoa neno lile, unaweka lipi?"

Gilbert alitafuta jibu. Nilimwona akilitafuta kwa kweli. "Sijui," alisema. "Ndugu yangu. Zaidi ya hapo sijui."

Hew aliinama juu ya vitunguu vyake. Grizel ndiye aliyevuta kiti, akamkalisha mume wangu kwa kumshika bega kama mtoto, akamwekea supu.

Baada ya kula Gilbert akasema kesho kutwa anakwenda mjini, jela. Ninian amefungwa kwa maneno ambayo aliyempa hakuyaamini, na lazima aambiwe. Hew akamwambia jina lake liko katika orodha ya waliokataa kibali, mjini wanaweza kumshika yeye pia. Gilbert akasema huenda.

31 Desemba
Nimemwacha Euphan.

Mganga wa Dunharrow amesema kifua chake hakitastahimili safari wala nyumba nyingine ya moshi kabla ya majira ya kuchipua. Nimemwambia mama anakwenda na baba kumtazama Ninian. Akauliza kama nitarudi kesho. Nikasema si kesho. Akanipa mgongo, akaendelea kucheza na binamu zake, nami nilishukuru na nikaumia kwa wakati mmoja.

Hew aliniuliza faraghani kwa nini naenda. Hoja za Gilbert zimemfia mikononi, na mimi nilikuwa nimekwisha kupata mahali penye moto. Nikamwambia sifuati hoja. Nilikaa naye alipokuwa na uhakika, siwezi kumwacha aende na shaka yake peke yake kwenye theluji. Kaka yangu alinipa soksi zake mbili.

3 Januari, 1663
Jela iko kando ya soko. Mlinzi alituruhusu kusimama kwenye dirisha la chini, lenye nondo, usawa wa barabara. Ninian alikuja karibu. Ndevu zimemwota nyeupe, mgongo umezidi kupinda. Nyuma yake, gizani, wale wenzake wawili walikuwa wamejilaza juu ya majani makavu.

"Mama Mchungaji," alinisalimu kwanza. "Mtoto?"

"Anapona, Ninian."

"Ashukuriwe Mungu."

Gilbert alipiga magoti barabarani ili uso wake ufike dirishani. Alimwambia kwa maneno mepesi, bila Kigiriki, bila kujitetea. Kwamba siku ile hakuwa na uhakika na aliyoyasema. Kwamba ziko barua za mzee wa Antiokia, na huenda maaskofu ni wa tangu zamani sana, huenda sivyo. Kwamba yeye ameondoka kwa ajili ya kiapo, lakini aliwapa wao sababu nyingine iliyo imara zaidi kuliko aliyokuwa nayo.

Ninian alisikiliza ameshika nondo. Watu walipita sokoni nyuma yetu.

"Mimi sijui kusoma, Mchungaji," alisema mwisho. "Huyo wa Efeso simjui, na huyo wa Antiokia simjui. Nilikujua wewe. Nilisema uliyoyasema kwa kuwa wewe uliyasema."

Gilbert aliinamisha paji la uso kwenye nondo.

"Kitanda cha kufumia kilikuwa cha baba yangu," Ninian alisema, si kwa lawama, kama mtu anayetoa habari tu. Kisha akatazama nyuma, akasogea karibu, sauti ikawa ya chini. "Hao wawili wamelala. Jumatatu wanapelekwa mbele ya hakimu, na wanataka kusema yale yale. Wanayarudia kutwa. Usiwaambie."

"Ninian, ni haki yao kujua."

"Ndiyo. Lakini kutoka hawatatoka, wajue wasijue. Mimi sasa sina kitu humu kifuani. Waachie wao."

Mmoja wao aliamka, akatambua ni nani aliye dirishani. Akamwamsha mwenzake, wakaja wote wawili wakijikokota, nyuso zao zikawa na furaha.

"Mchungaji," yule mdogo alisema, "tusikilize kama tumeipata sawasawa."

Akaanza. Mtume aliwaita wazee wa Efeso. Alikosea jina la kisiwa, akasita, akamtazama Gilbert.

Ninian alikuwa amekwisha kugeuka, amekaa chini akitazama ukuta. Mimi nilimtazama mume wangu.

"Krete," Gilbert akamwambia.